Anayepiga Kura na Anayebeba Mawe

Ukiweka shilingi elfu kumi kwenye mfuko wa pamoja, nami nikaweka mia mbili, je, sauti yako iwe kubwa kuliko yangu mara hamsini?

Ni swali la kitoto hadi ujaribu kulijibu. Ukisema ndiyo, umekubali kwamba tajiri wa kikundi anaweza kutuamulia sote, na sisi wengine tuje tu kupiga makofi. Ukisema hapana, itabidi umweleze mwenye elfu kumi kwa nini pesa yake ilindwe na watu ambao wakikosea hawapotezi kitu. Kila upande una uchungu wake.

Huku Mwingi tunaishi na majibu matatu kwa wakati mmoja na hakuna anayeshangaa.

La kwanza ni la hisa. Mwaka 2008 Safaricom ilipouzia umma hisa zake kwa shilingi 5 kila moja, walinunua walimu, makarani, hata wakulima waliokuwa wameuza ndengu. Kila hisa ni kura moja. Kwa miaka mingi baada ya hapo serikali na Vodafone walishika robo tatu ya hisa zote. Mwalimu mwenye hisa elfu moja ana haki kamili ya kupiga kura kwenye mkutano wa mwaka, lakini matokeo hayamngoji yeye.

La pili ni la sacco. Sheria yetu ya vyama vya ushirika inafuata kanuni iliyotoka kwa wafumaji wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844: mwanachama mmoja, kura moja, awe na akiba ya elfu tano au milioni tano. Mwalimu yuleyule asubuhi anahesabiwa kwa hisa zake, jioni akienda mkutano wa sacco anahesabiwa kwa kichwa chake.

La tatu ni la mwethya, na hilo halijaandikwa popote. Mwethya ni kikundi cha kazi cha Wakamba: leo tunachimba matuta shambani kwako, kesho kwangu, kesho kutwa tunajenga ukuta mtoni ambao ni wa wote. Kwenye mwethya hakuna hisa wala kadi ya uanachama. Anayesikilizwa ni yule aliyekuja na jembe.

Nimeanzia hapa makusudi. Siku hizi mtu akitaja blokcheni, watu wa rika langu hugawanyika mara moja. Nusu wanaona ukombozi, nusu wanaona utapeli, na wote wanadhani ni jambo jipya. Teknolojia ni mpya, sawa. Lakini swali la nani aamue na ahesabiwe kwa nini, hilo mamangu analijua kuniliko.

Wacha nieleze mashine yenyewe kwanza. Blokcheni ni daftari. Badala ya kukaa kwa mwekahazina mmoja, nakala zake ziko kwenye maelfu ya kompyuta, na ukurasa mpya hauandikwi mpaka kompyuta hizo zikubaliane. Ukurasa wa zamani haufutiki kimyakimya. Juu ya daftari hilo unaweza kuandika programu inayoshika pesa na kuzitoa masharti yakitimia, bila meneja, bila muhuri. Sasa watu wakiunda kikundi ambacho mfuko wake unashikwa na programu ya namna hiyo, wanakiita DAO, yaani kikundi kinachojiendesha bila ofisi kuu.

Kuamua kunakwenda hivi. Kikundi kinatoa tokeni. Si tokeni za stima hizi, ingawa zote ni tarakimu unazonunua. Mwenye tokeni anaweza kuleta pendekezo: tubadilishe ada, tuajiri fulani, tutoe pesa mfukoni kwa kazi fulani. Watu wanajadili kwa siku kadhaa. Kisha kura inafunguliwa, labda siku tatu, labda saba. Kila pochi ya kidijitali inapiga kura kwa uzito wa tokeni zilizomo. Kiwango cha chini cha kura kikifikiwa na ndiyo zikizidi, vikundi makini husubiri tena siku moja au mbili, halafu programu inatekeleza yenyewe. Hakuna mwenyekiti wa kusema, "Hili tutaliangalia mwezi ujao."

Mtu aliyekulia Kenya akisikia hivyo moyo unaruka kidogo. Daftari ambalo karani hawezi kulichezea! Kura ambayo kila mtu anaweza kuihesabu mwenyewe! Sisi ambao tumekesha tukisubiri matokeo ya uchaguzi tunaelewa thamani ya kitu kama hicho. Na kwenye vyama vyetu vya mtaani ni nani hajawahi kusikia ya mwekahazina aliyehama na kitabu? Kwa hivyo sitaki kuandika kama mzee anayekataa simu. Faida iko, nami nimeiona.

Nimeiona kwa sababu kwa kiasi fulani naishi kwayo. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipolemea nyumba yetu, nikarudi Mwingi na laptopu, na tangu hapo naandika na kutafsiri kwa malipo. Mteja wangu mmoja amekuwa mradi wa kripto ambao sitautaja jina. Nilikuwa nikiwatafsiria maelezo yao kwa Kiswahili. Nusu ya malipo ilikuja kwa dola na nusu kwa tokeni zao, kwa hivyo kila nilipofanya kazi nilipata pia kura. Walituita jamii. Kila tangazo lilianza na neno hilo.

Siku moja likaja pendekezo la kufuta bajeti ya tafsiri, ibaki ya lugha mbili tu. Sisi wa Kiswahili, wa Kihausa na wa Kivietinamu tuliandika hoja zetu. Tulieleza ni nani anayesoma tafsiri zile, na maswali gani watu huuliza wakikosa kuelewa. Wengine walitujibu kwa heshima, tukabishana vizuri tu. Kura ikafunguliwa siku tano. Hadi jioni ya nne pendekezo lilikuwa linaanguka. Usiku wa mwisho pochi mbili ambazo hazikuwahi kusema neno ziliingia, zikapiga ndiyo, na kazi yangu ikaisha kabla sijaamka.

Nilizitafuta kwenye daftari, maana liko wazi kwa kila mtu. Niliona saa zilipopiga kura, niliona zina tokeni ngapi, niliona anwani zenye herufi na tarakimu arobaini na mbili. Kila kitu kilikuwa peupe. Nilichokosa ni mtu wa kumuuliza, "Mbona?"

Sheria zilifuatwa, hilo sikatai. Na wenye pochi zile wana hoja hata kama hawakuitoa. Wao ndio walioweka pesa nyingi. Mradi ukifilisika, watapoteza kuniliko. Kwa nini waache watafsiri kumi wawaamulie matumizi? Hiyo ndiyo hoja ya hisa, nayo si hoja mbaya. Mwenye hasara kubwa ana sababu kubwa ya kufikiri vizuri.

Tatizo ni kwamba tokeni huuzwa kwa dakika moja. Mwenye nyingi akishaamua, anaweza kuwa ameondoka kabla uamuzi haujaanza kuuma. Historia fupi ya vikundi hivi ina visa ambavyo kila mmoja unaonyesha hilo kwa njia yake.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni kikundi kilichoitwa The DAO. Kilianza kukusanya pesa tarehe 30 Aprili 2016 kwenye mtandao wa Ethereum, na katika wiki chache kikapata zaidi ya dola milioni 150 kutoka kwa maelfu ya watu duniani. Mpango ulikuwa wenye tokeni wapige kura miradi gani ipewe pesa. Tarehe 17 Juni, kabla mradi wowote haujapewa kitu, mtu alitumia mwanya ndani ya programu na kuanza kuchota: sarafu za ether milioni 3.6 hivi. Hakuvunja kufuli. Alifanya kile programu ilichomruhusu.

Hapo likazuka swali la maadili ambalo halijaisha mpaka leo. Kama mkataba ni programu, na programu ilimruhusu, ni mwizi au ni msomaji mzuri kuliko wengine? Upande mmoja ulisema daftari lisiguswe, kwa sababu likishaguswa kwa sababu nzuri litaguswa kwa sababu mbaya. Upande wa pili ulisema watu wameibiwa na sisi tunaweza kurudisha, basi turudishe. Ilipigwa kura ya haraka ya kupima maoni. Walio wengi walitaka pesa zirudishwe, lakini zilizopiga kura zilikuwa chini ya asilimia 6 ya ether zote. Tarehe 20 Julai 2016 daftari likagawanywa. Waliokubali marekebisho walienda na Ethereum tunayoijua leo. Waliokataa walibaki na daftari la zamani, wakaliita Ethereum Classic, na lipo hadi sasa.

Kisa cha pili ni cha Steem, mtandao ambao watu walilipwa kwa kuandika. Mapema mwaka 2020 mfanyabiashara Justin Sun aliinunua kampuni iliyoshikilia rundo kubwa la tokeni za mtandao huo. Waliokuwa wakiendesha mtandao waliogopa, wakazifunga tokeni zile zisipige kura. Mwezi Machi masoko makubwa ya kripto, Binance, Huobi na Poloniex, yakapiga kura upande wa Sun kwa kutumia tokeni ambazo wateja waliziweka kwao. Fikiria benki inachukua akiba yako inakwenda kukupigia kura. Mkuu wa Binance baadaye aliziondoa kura zake. Lakini watu wengi walikuwa wameshachoka. Tarehe 20 Machi 2020 walinakili daftari lote, wakaanzisha mtandao wao, Hive.

Cha tatu ni cha Beanstalk, tarehe 17 Aprili 2022. Huko mtu alileta pendekezo siku moja kabla, akiliambatanisha na lingine lenye sura ya mchango kwa Ukraine. Muda ulipofika, alikopa takriban dola bilioni moja kwa mkopo wa papo hapo, aina ambayo hukopwa na kurudishwa ndani ya muamala uleule. Kwa pesa hizo akapata zaidi ya theluthi mbili ya kura, akapitisha pendekezo lake mwenyewe, akahamisha mfuko wa kikundi, akarudisha mkopo. Kikundi kilipoteza kama dola milioni 180. Aliyeamua hatima ya watu wote hao alikuwa mwanachama kwa muda mfupi kuliko unavyochukua kupiga chafya.

Vitalik Buterin, mmoja wa walioanzisha Ethereum, amekuwa akiandika kwa miaka kwamba kura ya tokeni ina kasoro ya msingi, hasa kwamba kura yaweza kutenganishwa na maslahi. Nadhani yuko sahihi, na nadhani jambo hili lilijulikana Ukambani kabla hajazaliwa.

Basi kama tokeni ni kipimo kibaya, kwa nini wasihesabu watu? Kwa sababu daftari halijui mtu. Linajua pochi, nami naweza kufungua pochi elfu moja kabla ya chai ya saa nne. Wapo waliobuni hesabu nzuri, kwa mfano ile ambayo kura ya kwanza inagharimu tokeni moja, kura mbili tokeni nne, kura kumi tokeni mia, ili tajiri asikike lakini asitufunike. Tatizo ni lilelile: akijigawa kuwa watu kumi bandia, hesabu inavunjika.

Jaribio kubwa la kutatua hilo lilipita hapa kwetu. Worldcoin ilipozinduliwa Julai 2023, Wakenya walipanga foleni KICC kupigwa picha ya mboni ya jicho na mashine ya duara, wapate tokeni za thamani ya shilingi elfu saba hivi. Serikali ilisimamisha zoezi hilo tarehe 2 Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile zifutwe. Lengo lililotangazwa lilikuwa hasa hili: kuthibitisha kwamba wewe ni mtu mmoja, si kumi. Mbinu ni jicho, kwa malipo. Najua waliokwenda, na sitawacheka, elfu saba ni kodi ya nyumba. Lakini ona jinsi kitu ambacho kijijini ni bure, yaani kujulikana kuwa wewe ni wewe, mjini kimekuwa bidhaa ya kununuliwa kwa foleni.

Njia nyingine nayo ilipita Nairobi. Desemba 2024 mtandao wa Cardano ulifanya mkutano wa katiba yake sehemu mbili kwa pamoja, Buenos Aires na Nairobi. Wajumbe zaidi ya 60 walikuwa wamechaguliwa kwenye warsha katika nchi 50 hivi. Mle ndani kila mjumbe alikuwa mjumbe. Mtu alisema, akajibiwa, sentensi ikarekebishwa. Kisha katiba ikapelekwa kwenye daftari, na Februari 2025 ikapitishwa huko, ambako kila mwakilishi alipiga kura kwa uzito wa sarafu za waliomchagua. Naiona hatua hiyo kama kukiri. Walipotaka kuandika jambo la maana walirudi kwenye chumba chenye viti, watu na chai. Walipotaka kulipitisha, walirudi kwenye mizani ya sarafu.

Sasa mwethya. Nitajaribu kutoutia sukari.

Kikundi cha mamangu kilijenga bwawa la mchanga. Kama hulijui: kwenye mto wa msimu, ambao hapa kwetu ni karibu kila mto, unajenga ukuta juu ya mwamba. Mvua ikinyesha mto unaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani yake ambapo jua haliyafikii. Kiangazi unachimba kidogo unapata maji. Kitui ina mamia ya kuta za namna hii. SASOL, shirika lililoanza hapa miaka ya 1990, limesaidia vikundi vingi kuzijenga. Kwa kawaida saruji, vyuma na fundi hutoka kwa mfadhili. Mawe, mchanga na jasho hutoka kwa kikundi.

Ubishi mkubwa ulikuwa ukuta ukae wapi. Kona ya juu iko karibu na nyumba za upande mmoja, kona ya chini karibu na upande mwingine. Tofauti ya kutembea ni nusu saa ukiwa na mtungi, kila siku, kwa miaka. Walikaa wiki tatu. Nilipokuwa nikimsikiliza mamangu akisimulia jioni nilimuuliza, "Mwaitu, si mpige kura tu yaishe?" Akanijibu, "Tukipiga leo tutashinda. Na kesho nani atabeba mawe?"

Hiyo ndiyo falsafa yote niliyo nayo. Kura inahesabu walioshinda. Kazi inawahitaji walioshindwa.

Mwishowe fundi alionyesha kwamba mwamba imara ulikuwa kona ya chini. Wanawake wa juu hawakufurahi. Wakakubaliana kwamba ukuta wa pili, ukipatikana, utakuwa wao kwanza, na kwamba matuta yao yatachimbwa kabla ya mvua. Kisha wote wakabeba mawe, hata mwanamke aliyepinga kwa sauti kubwa kuliko wote. Mto ni mmoja. Hakuwa na mto mwingine wa kwenda kuanzisha.

Hapa ndipo ninapoona tofauti kubwa kati ya mambo haya mawili, nayo haiko kwenye kompyuta. Daftari linaweza kunakiliwa. Waliokataa marekebisho ya 2016 hawakunyang'anywa dunia yao, walibaki nayo. Wa Hive walihama na nyumba nzima mgongoni. Mahali ambapo unaweza kunakili na kuhama, kura mbaya inavumilika, kwa sababu aliyeshindwa ana mlango. Mto Tyaa hauna nakala. Bajeti ya kaunti haina nakala. Shamba la mtu halina nakala. Hata kazi yangu ya tafsiri haikuwa na nakala: waliokosa maelezo kwa Kiswahili hawakupewa mtandao wa pili wenye maelezo hayo.

Kwa hivyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni kwamba inategemea kama aliyeshindwa anaweza kuondoka na chake. Kama anaweza, hesabuni pesa mkipenda, ni kampuni, na kampuni si dhambi. Msiiite jamii tu. Kama hawezi, basi kumhesabu kwa pesa ni kumwambia abebe mawe ya ukuta ambao hakuusemea. Hapo uwazi wa daftari hausaidii. Dhuluma iliyoandikwa vizuri inabaki dhuluma.

Najua kuna mtu anasoma huku akitabasamu: huyu anatupeleka kijijini. La. Mwethya una ukatili wake. Kwenye kikundi cha mamangu wanawake ndio wengi, lakini mwenyekiti ni mwanaume. Asiyekuja kazini hutozwa faini, hata aliyekuwa na mtoto hospitali, mpaka ajieleze mbele ya watu. Kujulikana na kila mtu ni ulinzi, na ni jela pia. Sisi wengi tulikimbilia Nairobi au Mombasa kutafuta mahali ambapo hakuna anayetuuliza ya nyumbani kwetu. Pochi isiyo na jina, kwa msichana ambaye pesa zake huchukuliwa na kaka yake, ni uhuru wa kweli. Mlango wa kutoka una thamani. Nani hajawahi kuuhitaji?

Ndiyo maana nalipenda jaribio la Sarafu, ambalo liko katikati. Mwaka 2013, katika mtaa wa Bangladesh huko Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia vocha zao wenyewe, Bangla-Pesa, pamoja na Will Ruddick, Mmarekani mwanafizikia aliyeanzisha Grassroots Economics. Yeye na wenzake kadhaa walikamatwa, serikali ikishuku pesa bandia, na miezi michache baadaye mashtaka yakaondolewa. Wazo halikufa. Likaenda kwenye simu, hata kabambe isiyo na intaneti, na nyuma yake likawekwa blokcheni. Wakati wa korona watu makumi ya maelfu walilitumia, hasa Mukuru kwa Njenga na Kinango.

Kinachonivutia ni kwamba vocha pale ni ahadi: nitakulimia, nitakusuka, nitakupa mboga. Vikundi vya kazi vya pwani, ambavyo Wamijikenda huviita mweria, ni ndugu wa mwethya wetu, na vimetumia mfumo huo kuandika nani amemfanyia nani kazi. Daftari linakumbuka deni. Watu wanaamua nani aaminiwe na kwa kiasi gani. Mashine imepewa kazi ya kukumbuka, ambayo inaiweza kutushinda. Haikupewa kazi ya kupima nani ni mtu.

Kikundi cha mamangu sasa kinafikiria kuhamisha kitabu chao kwenye simu. Kijana mmoja wa hapa mjini anawauzia zaidi ya hapo: kila shilingi ya akiba iwe tokeni, kila tokeni iwe kura, na wafadhili wa nje waruhusiwe kununua. Anasema kikundi kitakua haraka, na huenda ni kweli. Wameniuliza maoni kwa kuwa mimi ndiye "wa kompyuta".

Nitawaambia waweke kitabu humo, na waweke nakala mahali ambapo hakuna mwekahazina anayeweza kuhama nayo. Michango, madeni, siku za kazi, zote ziandikwe zionekane na kila mwanachama, hata yule aliye na mtoto hospitali, ili faini yake ijadiliwe kwa ukweli na si kwa umbea. Kura wasiiuze. Mtu wa mbali akitaka kusaidia, alete saruji. Akitaka kusema ukuta ukae wapi, aje wakati wa kiangazi, achukue mtungi, ashuke nao mtoni, apande nao.

Kama watakubali au watakataa, sijui. Mimi nina sauti moja, na sijabeba mawe mengi.